Tabibu Aliyetibu Magoti

Nilipokuwa bado sijang'oka meno ya utoto, tulikuwa na ng'ombe mweusi aliyelala ndani humo humo tulimolala sisi, upande wa kushoto ukiingia, kama zilivyokuwa nyumba za nyasi za huku mlimani. Siku moja akagoma kula. Mama akamletea majani ya migomba, akagoma. Akamletea maganda ya ndizi, akagoma. Jirani mmoja akasema amerogwa. Mwingine akasema achinjwe kabla hajakonda, na huyo wa pili alikuja na kisu kabisa.

Baba akamwita mjomba wake, mzee mkimya aliyejulikana kwa kujua ng'ombe. Yule mzee hakumgusa mnyama. Aliomba kigoda, akakaa, akamtazama tangu umande haujakauka mpaka jua likaegemea. Mimi niliingia na kutoka, maana sikuamini kwamba mtu mzima anaweza kukaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kazi ya kutazama. Mwisho akasimama, akasema, "Akimeza, shingo inakwenda kulia." Akakunja shati, akazamisha mkono kooni mwa ng'ombe mpaka karibu na kiwiko, akatoa kokwa la parachichi.

Baba akamuuliza, "Mjomba, umejuaje?"

"Ng'ombe hasemi," akajibu, akijifuta ute kwenye jani la mgomba. "Kwa hiyo humuulizi. Unamtazama."

Mtaniuliza ng'ombe huyu ameingiaje hapa. Atafika. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na kwenda moja kwa moja sikufundishwa. Nilikuwa mpagazi wa mlima miaka mingi, na njia ya mlimani ukiikata moja kwa moja unafika juu ukiwa maiti.

Mtu ninayetaka kumsema alikuwa na chumba kimoja mjini Moshi, nyuma ya duka la vitambaa, kwenye ua ambao ulikuwa na bomba moja na paka wasiohesabika. Alikuwa Mhindi, mzee mwembamba, masikio makubwa, shati jeupe lililofungwa vifungo vyote hata cha shingoni. Wenzake wa mjini walikuwa na jina lao la kumwita, la lugha yao. Sisi wa milimani tulimwita Tabibu, naye akaitika. Alitibu kwa mafuta, mizizi na chakula, elimu ya wazee wao huko Bara Hindi, ingawa yeye mwenyewe Bara Hindi aliijua kama mimi ninavyoijua Ulaya, kwa kusikia. Kichagga alikisikia vizuri, akijifanya hakijui, na kwa njia hiyo alijua siri za nusu ya soko la Kiboriloni.

Nilimfikia kwa ajili ya goti. Niliteleza na mzigo wa wageni kichwani, goti likavimba kama kiazi kikuu, na mpagazi asiye na goti ni sawa na jembe lisilo na mpini. Ndiyo miaka ile ya ruksa ya biashara ilipoanza, sabuni zimerudi madukani, watalii wanaongezeka, kila kijana anautaka mlima, na mimi nimekaa kitako. Mke wangu akanishika mkono mpaka kwenye ule ua.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba. Kaa. Usiniambie unaumwa wapi."

Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho. Mimi nikafikiri mzee amesinzia. Halafu akauliza maswali yake matatu, na hakuna mtu aliyewahi kuketi kwenye benchi lake akayakwepa, awe tajiri au mbeba magunia.

"Umelala vipi? Umekula nini? Choo chako kikoje?"

Mke wangu akatazama paka.

"Goti langu ndilo linalouma," nikasema.

"Goti halikuja hapa peke yake. Asiyenijibu simtibu."

Nikamjibu, kwa sauti ndogo, mke wangu bado anatazama paka. Alinipaka mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na majani, akanikataza maharage ya usiku na pombe kali, akaniambia nirudi kila siku ya pili mpaka mwezi uandame. Nilirudi. Goti likapona nusu. Hiyo nusu nyingine, akasema, ni ya Mungu na uzee. Na kwa kuwa mlima haukunitaka tena, nikabaki kwake kutwanga mizizi na kukanda wagonjwa. Mikono yangu, alisema, ina akili kuliko mdomo wangu. Nilichukulia ni sifa. Miaka ilipita ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa onyo.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikataza sukari kwa ukali wa askari wa barabarani, lakini ile saa kumi akiletewa chai kutoka kwa mama mmoja wa nje, kijiko kilisimama chenyewe ndani ya kikombe. Nikimwuliza, ananiambia, "Mimi najua ninachokosea. Wewe unakosea bila kujua. Hiyo ndiyo tofauti ya tabibu na mgonjwa." Nyama hakula maisha yake yote, lakini ukipita naye penye nyama ya kuchoma anapunguza mwendo, anavuta pumzi, anasema, "Mbuzi huyu hakupumzishwa." Aliwaambia watu hasira huchemsha damu, halafu anatoka uani na fagio kugombana na kunguru kwa lugha tatu.

Alipenda wagonjwa wenye maneno machache. Mama mmoja wa Mwika aliyekuja na orodha ya magonjwa aliyoyaandika kwenye karatasi ya daftari aliambiwa, "Mama, acha karatasi hapa niitibu, wewe nenda nyumbani." Kesho yake alirudi bila karatasi, akatibiwa mwenyewe.

Tena hakuwa mtu wa kusema siri. Watu wakubwa wa mji walipita pale, wafanyabiashara, hata mchungaji mmoja, wakajibu yale maswali matatu, na ukimwuliza Tabibu, fulani alikuwa anaumwa nini, jibu lake kwa kila mtu lilikuwa moja. "Magoti." Nikamwambia, "Tabibu, mji mzima unaumwa magoti?" Akasema, "Mji huu una mlima. Nani atashangaa?"

Hapa ndipo anapoingia baba yangu.

Baba alikuwa mzee wa Old Moshi, mwenye kihamba cha kahawa na migomba alichokirithi kwa baba yake, mtu wa kanisani Jumapili na wa kimila siku sita zilizobaki. Na mila yetu ya zamani ilikuwa na jambo moja ambalo vijana wa leo mkiwaambia wanaanguka chini kwa kucheka. Kijana akishatahiriwa na kufundwa, alirudi nyumbani akiwa, kwa maneno ya wazee, amezibwa. Maana yake haendi haja kubwa tena mpaka afe. Wanawake na watoto ndio wanaokwenda. Mwanaume mzima, hapana. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya wanaume, na heshima yao. Mwanamke hakutakiwa kuona wala kusikia wala kuuliza. Sasa, wanawake walijua? Walijua. Mama yangu alizaa na baba watoto saba, utamficha nini? Lakini alijua kimya kimya, na ule ukimya ndio uliokuwa nguzo ya nyumba. Wenzake baba wengi waliiacha siri hiyo ikafa yenyewe. Baba hakuiacha. Sijawahi, nasema kweli, sijawahi kumwona baba yangu akielekea chooni.

Mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, tumbo la baba likajaa. Akawa hali chakula, amekuwa wa rangi ya majivu, anakaa kwa kuinamia upande. Hospitali alikataa kwa kuwa aliyempokea alikuwa muuguzi wa kike mwenye kalamu. Wiki ya tatu mama akanitumia salamu: njoo, baba yako anakwenda. Mke wangu akapanda, akamshawishi, akamleta mjini kwa Tabibu.

Mnaona kosa? Mimi sikuliona, na mimi ndiye Mchagga pale ndani.

Tabibu akamshika mkono, akafumba macho. "Mzee, umelala vipi?"

"Vizuri."

"Umekula nini?"

"Mtori wa ndizi."

"Choo chako kikoje?"

Mkamwana wake, yaani mke wangu, yuko pale, amesimama na kikapu. Baba akainuka. Alichukua kofia yake, akaivaa, akashika fimbo, akatoka uani akiwapita paka, akaenda kusimama barabarani juani na lile tumbo. Mke wangu akamkimbilia.

"Tabibu, umeniulia baba," nikasema.

"Asiyenijibu simtibu. Sheria haina mjomba."

Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa nikamweleza yote, ya kuzibwa, ya siri, ya wanawake. Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akakaa akitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo anakubali kufa kuliko kunijibu."

"Mbele ya mkamwana? Atakufa mara mbili."

"Na ninyi mnatibuje mtu asiyesema?"

Nikamsimulia habari za ng'ombe. Nimewaambia angefika.

Siku iliyofuata, mzee yule ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumwona akivuka soko, alipanda na mimi mpaka Old Moshi, shati limefungwa mpaka shingoni, mwavuli mkononi, akisimama kila penye mfereji kuvuta pumzi. Alipofika hakumwuliza baba habari za ugonjwa hata kidogo.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuona kahawa."

Hapo alimweza. Mwambie Mchagga umekuja kuona kahawa yake, hata awe kaburini atafufuka akuonyeshe. Baba alimtembeza, polepole, akimwonyesha mche mmoja mmoja na kuusemea. Wakakaa uani. Mama akaleta mbege kwenye kibuyu. Tabibu pombe hakuijua maishani mwake. Nikafungua mdomo nimtetee, akanitazama nikaufunga. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akajifuta midomo, akasema, "Uji mzuri."

Akakaa pale kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka jua likaegemea, akizungumza habari za mvua na bei ya mbolea, na macho yake hayakutoka kwa baba. Mara tatu baba alisimama, akachukua panga, akasema, "Nakata majani ya ng'ombe," akaingia migombani. Mara tatu alirudi uso umelowa jasho.

Tulipokuwa tunaosha mikono Tabibu akaninong'oneza, "Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Anakwenda na panga, anarudi bila majani."

Akamgeukia baba, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwa mama. "Mzee, ninavyokuona unavyokaa na kusimama, wewe unasumbuliwa na magoti."

Baba akamtazama. Wakatazamana wale wazee wawili, muda mrefu, kama watu wanaopatana bei ya kitu kisichotajwa.

"Magoti," akasema baba. "Ndiyo. Yananisumbua sana."

"Nina dawa ya magoti. Inanywewa."

Ilikuwa mafuta ya nyonyo, na tangawizi, na unga wa matunda matatu makavu wa kwao, ndani ya mtori usio na nyama, na papai kila asubuhi. Na magoti yenyewe akayapaka mafuta, akayakanda kwa mikono yake mwenyewe, kwa bidii, mbele ya mama, bila haraka. Sikuelewa kwa nini anahangaika na magoti mazima. Leo naelewa. Kama unasema uongo wa heshima, ufanyie kazi.

Siku ya tatu baba alichukua panga, akaingia migombani, akakawia. Mama alikuwa anachambua maharage, na mikono yake ilisimama. Baba akarudi na mzigo wa majani mabegani unaomfunika kichwa, akiimba. Akautupa mbele ya ng'ombe. "Magoti yamefunguka," akasema. Mama akainamia maharage yake, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka, sijui kwa kulia au kwa kucheka. Baba aliishi miaka mingine mingi, na hakuna aliyewahi kulisema lile jambo. Isipokuwa mmoja.

Miaka hiyo wageni walikuwa wameanza kutaka si mlima tu. Wengine walikuwa wametoka kupakwa mafuta kwenye mahoteli ya kule kisiwani Unguja, wengine walikuwa wanakwenda huko baada ya kushuka kileleni, na wote waliuliza: hapa je, hakuna tiba? Hoteli moja mpya upande wa Mwika ikaona nafasi. Meneja wake, kijana wa Dar es Salaam, tai shingoni hata Jumapili, mchangamfu, akatuchukua mimi na Tabibu. Tabibu akapewa chumba chenye mishumaa na joho la rangi ya manjano, na kwenye karatasi za matangazo akaandikwa kuwa ameletwa kutoka Bara Hindi.

"Wameniletaje," akaniuliza, "kwa punda?"

Joho alilivaa juu ya lile shati, vifungo vyote vimefungwa. Alitaka mgeni akae siku saba. Meneja alitaka saa moja.

Maswali matatu aliyauliza vile vile, meneja akitafsiri kwa aibu. Na wale wageni, jamani! Walijibu. Walijibu kwa marefu na mapana, mume mbele ya mke, binti mbele ya mama yake, rangi, saa, mara ngapi. Mimi nilikuwa natoka nje kucheka. Tabibu hakucheka. Siku moja aliniambia, "Baba yako hakuniambia kitu, nikamjua. Hawa wananiambia kila kitu, na saa yao moja ikiisha sijui nimemkanda nani." Lakini aliwakanda, tena vizuri, na wapo waliolia alipowashika mkono tu.

Meneja alinipenda. Jioni akiwa na soda yake na mimi na bia yangu, alikuwa ananiambia, "Mzee, hebu nipe hadithi." Sasa mtu kama mimi ukimwambia hivyo unamfungulia zizi. Nikampa ya mlima, nikampa ya ng'ombe. Na siku moja, kwa kuwa ilikuwa inafuata pale pale, na kwa kuwa alikuwa anacheka vizuri, nikampa ya baba. Yote. Ya kuzibwa na ya panga lisilo na majani. Nilipomaliza niliona raha, kama mtu aliyeshusha mzigo. Nilikuwa nimeutua juu ya kichwa cha baba yangu.

Hoteli ilipotimiza mwaka wakafanya sherehe. Viti bustanini, wageni upande mmoja, wazee wa vijijini walioalikwa upande mwingine. Meneja alituma gari la hoteli kuwachukua baba na mama kutoka Old Moshi, akawakalisha mbele kabisa. Baba amevaa koti, mama ana kitenge kipya. Nilifikiri ni heshima kwangu. Nilikuwa natembea kifua mbele kati ya viti.

Meneja akasimama na kipaza sauti, akasema Kizungu, akasema Kiswahili, akamwita Tabibu mbele na joho lake. "Ndugu zangu, huyu ndiye mtaalamu wetu. Na leo tunaye mgonjwa wake, mzee wetu huyu hapa. Tabibu, wasimulie wageni ulivyomtibu."

"Magoti," akasema Tabibu.

Meneja akacheka. "Siyo magoti, Tabibu. Ile nyingine! Ya kimila. Usiogope, mwanawe mwenyewe ameshanisimulia."

Nilihisi uso wa mama kabla sijauona. Alikuwa anatazama mikono yake, jinsi alivyokuwa akitazama maharage. Baba alikuwa anatazama mbele, wima, kofia juu ya magoti. Neno moja tu lilibaki, na lilikuwa mdomoni mwa Tabibu.

Tabibu akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama siku ile ya kwanza kwenye benchi, ila siku ile alikuwa hajajua naumwa wapi, na sasa amejua.

Kisha akamgeukia meneja, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho. 

"Mimi nimeshika mishipa tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Mzee yule aliumwa magoti. Lakini wewe, meneja, mgonjwa ni wewe."

"Mimi? Naumwa nini?"

"Umelala vipi?"

"Tabibu, bwana..."

"Umekula nini?"

Mchumba wake meneja alikuwa safu ya pili, binti mzuri, na wazazi wake pembeni, na kipaza sauti kiko wazi.

"Choo chako kikoje?"

Wazee wa Mwika walipasuka. Hata waliokuwa na magongo waliyapiga chini. Meneja akafungua mdomo, akaufunga, akatazama safu ya pili, masikio yamewaka.

Tabibu akasubiri. Alimpa muda wa kutosha, kwa haki kabisa.

"Asiyenijibu simtibu," akasema.

Akavua joho, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti. Akachukua mwavuli wake, akapita kati ya wageni na wazee, na alipofika mbele ya baba akasimama.

"Magoti, mzee?"

Baba akasimama. Alisimama wima, mara moja, bila kushika kiti wala fimbo wala bega la mama, mbele ya watu wote.

"Hayana neno, Tabibu."

Tabibu akaitikia kwa kichwa, akatoka langoni, akateremka barabara ya kahawa na lile shati jeupe, hakugeuka. Nilimkimbilia hatua kumi hivi, goti langu la nusu likanikatalia. Kwenye ule ua nyuma ya duka la vitambaa nilikwenda kesho yake na kesho kutwa, nikakuta paka, na kinu changu kimeachwa mlangoni, kimeoshwa. Wapo wanaosema alivuka kisiwani, wapo wanaosema alikwenda kwa ndugu zake, nami nimekoma kusema nisilolijua. Hakurudi.

Baba siku ile alibaki amesimama mpaka shati jeupe likapotelea kwenye kona. Halafu akavaa kofia, akamwambia mama, si mimi, "Twende nyumbani. Sijakata majani ya ng'ombe."